Nilivyomsubiri Ambakisye Anisalimie

Wanangu mnaonijia hapa Mlowo na simu mkononi, mkiniambia, "Mama Huruma, hebu tazama, hii meseji imekaa sawa?" nawashukuru kwa kuniamini. Ila kila mnaponipa simu, uso hunichoma kidogo. Mnadhani mnamletea fundi. Kweli nimeandikia watu nisiowajua nusu ya maisha yangu, wa Ndola, wa Lusaka, wa Lubumbashi, na mizigo ikaja. Lakini siku nilipotakiwa kujiandikia mimi mwenyewe, nilikaa wiki kadhaa bila kuandika hata mstari mmoja. Leo nitawaeleza yote mawili, maana la kwanza bila la pili halitawafaa.

Kazi yangu ilikuwa klia. Mizigo inapovuka mpaka wa Tunduma inahitaji hati, na karani wa klia ndiye anayezihangaikia hizo hati. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kinachotazama foleni ya malori. Kulia kwetu kulikuwa na ofisi nyingine ya klia, kushoto nyingine, na ng'ambo ya barabara nyingine tena, tumepangana kama wauza nyanya. Ukikaa kusubiri lori lisimame mlangoni kwako, utasubiri hadi uote mvi. Kwa hiyo bosi alinipa kazi ya pili: kuwaandikia wenye malori kabla malori yao hayajafika, wajue kwamba tupo.

Nilipoanza, miaka ya tisini, nilikuwa nampa dereva karatasi ampelekee tajiri yake. Dereva akaichomeka kule juu anakozuilia jua, na mara nyingi ilirudi Tunduma palepale ilipochomekwa, imeshika vumbi la nchi mbili. Ikaja faksi. Ikaja barua pepe, tukawa tunapanga foleni kwenye intaneti kafe. Mwisho ukaja ule mtandao wa watu wa kazi, ambamo mtu anaweka picha yake, cheo chake na alikofanya kazi, na wewe unaomba kuunganishwa naye. Vyombo vilibadilika. Makosa yangu yalihama nami kutoka chombo hadi chombo.

Kosa la kwanza lilikuwa salamu. Nimelelewa kwamba mtu hasemi shida yake mlangoni. Anakaribishwa, anauliza habari za wazee, za watoto, za shamba, za mifugo, ndipo anafika kwenye lililomleta. Nami niliandika hivyohivyo. Siku moja akaingia ofisini mwanamume mnene mwenye kofia, tajiri wa malori kutoka Ndola, aitwaye Mulenga.

"Ni wewe, ba mayo, unayeniuliza hali ya ng'ombe wangu?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha mpakani, akiniita mama kwa Kibemba.

"Ndiyo mimi, mukwai," nilimjibu kwa heshima ya kwao.

"Mimi sina ng'ombe. Nina malori."

Wenzangu walicheka hadi wakashika meza. Yeye hakucheka. Alitoa simu yake, akanionyesha jinsi ujumbe wangu ulivyoonekana kabla haujafunguliwa. Mistari miwili tu ndiyo iliyoonekana, na yote miwili ilikuwa inamtakia afya yeye, familia yake, ndugu na jamaa.

"Mtu akiona hivi," alisema, "anajua unaomba mchango wa harusi. Hafungui."

Nilitamani niingie ndani ya kabati la mafaili. Lakini yule mtu alinisaidia kuliko bosi wangu yeyote. Tangu siku hiyo nikajua kwamba mistari ile miwili ndiyo mlango. Salamu ya maneno matatu inatosha. Baada yake mwambie kwa nini umemwandikia yeye na si mwingine. Halafu omba jambo moja, dogo, analoweza kulijibu akiwa amesimama kwenye kituo cha mafuta. Nikaanza kuandika hivi: "Habari, Bwana fulani. Wiki iliyopita niliona lori lako la bluu limelala upande wetu kwa sababu ya hati moja. Hati hiyo naifahamu. Naweza kukueleza kwa simu kesho asubuhi?" Basi. Sikumwambia ofisi yetu ilianzishwa lini wala ina malengo gani. Mwenye lori lililolala hana haja ya kujua malengo yako.

Kosa la pili mnalifanya hata ninyi, nimeona kwenye simu zenu. Niliandika ujumbe mmoja mzuri, nikaupenda, nikautuma kwa wengi nikibadilisha jina tu. Mmoja nikasahau kulibadilisha. Jibu likaja: "Mimi ni Bwalya. Chanda ni jirani yangu. Nimemfikishia salamu zako. Anasema naye hakutaki."

Sikazwe, karani mwenzangu, mtu asiyeweza kukaa na jambo la kuchekesha tumboni, alilisoma jibu hilo kwa sauti kwa kila dereva aliyeingia siku ile. Wapo madereva walioniita "mke wa Chanda" kwa miezi. Sasa mkiniona nawauliza, "Ujumbe huu mwingine nani kaupata?" msidhani nawachunguza. Nawaepusha na jina la utani.

Sasa nimtaje Ambakisye.

Alikuja ofisini kwetu akitokea Ndalambo, cheti cha kidato cha nne mkononi, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Bosi alinikabidhi nimfundishe. Nilimfundisha kusoma hati, kupanga mafaili, kuongea na maofisa bila kujikunja na bila kujivuna. Kisha kulikuwa na somo la dirishani, tunapopokelea wateja. Siku za mwanzo, tajiri akiingia, Ambakisye alikuwa anarukia, "Unataka nini, mzee?" Nilimvuta pembeni.

"Mkubwa haulizwi anataka nini," nilimwambia. "Mpe kiti, kaa kimya. Mwenye neno atalisema mwenyewe. Ukimuuliza ni kama unamharakisha aondoke."

Alishika somo. Matajiri walimpenda kwa utulivu wake. Baada ya miaka kadhaa alipata kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni ya usafirishaji, akapanda cheo, akapanda tena. Nilikuwa nikiona picha yake mtandaoni, tai shingoni, namwonyesha Huruma binti yangu: "Huyu nimemfundisha mimi."

Kisha ofisi yetu ikaanza kukauka. Kampuni kubwa zilikuja na makarani wao na mashine zao, malori yakawa yanapita mbele ya mlango wetu kama hatupo. Asubuhi moja bosi alituita, akasema mwisho wa mwezi unaofuata anafunga. Mimi nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Huruma alikuwa chuo cha ualimu. Kahawa ya marehemu mume wangu huku Mbozi ilikuwa haitoshi hata kuwalipa wachumaji. Nisipopata kazi, Huruma angerudi nyumbani kabla ya kumaliza. Hilo nilijua siku ileile.

Sikazwe alinifuata kwenye banda la chai.

"Mama Huruma, una mtoto Dar anaajiri watu, na wewe unakunywa chai kama msiba ni wa jirani."

"Mtoto gani?"

"Ambakisye. Kampuni yake inafungua ofisi hapahapa Tunduma. Wanatafuta mkuu wa ofisi."

"Nimwombe kazi Ambakisye? Niliyemfundisha kupiga muhuri?"

"Huyohuyo. Au unangoja mwingine uliyemfundisha awe rais?"

Nilicheka, lakini kikombe nikakiweka chini. Wanangu, sijui kama nitaweza kuwaeleza aibu ile. Si kwamba nilimdharau. Nilimpenda. Ndiyo maana. Mtoto uliyemtuma chai, ukamkaripia, ukamsahihisha mbele ya watu, leo usimame mbele yake mikono imekunjwa kifuani? Nilijiona nimevuliwa kilemba sokoni.

Hata hivyo niliomba kuunganishwa naye. Nilibonyeza nikatazama pembeni. Kabla sijamaliza kuosha vikombe alikuwa amekubali. Nilifurahi sana. Nikasema, sasa ataniamkia. Mimi ndiye mkubwa, yeye ndiye mdogo, na mdogo ndiye anayeanza shikamoo. Akishaniamkia nitamuuliza habari za kazi, atanieleza habari za ofisi mpya, na hapo neno litapata njia lenyewe bila mimi kuomba.

Siku ile hakuandika. Kesho yake hakuandika. Nikawa kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la ofisi, nafungua ukurasa wake. Natazama picha yake, nasoma cheo chake, natazama kama ameandika, nafunga. Nilifanya hivyo wiki baada ya wiki. Sikazwe akiniuliza, namjibu kwa hasira.

"Mjini wamembadilisha. Shikamoo ni neno moja, haliuzwi."

"Labda wewe mwambie habari tu."

"Mimi nimwamkie mtoto?"

"Sikusema umwamkie. Nimesema habari."

"Hapana, baba. Dunia haijafika huko."

Nilifika mahali nikamsema kwa watu kwamba amekuwa na kiburi. Nilimsema kwenye banda la chai na nilimsema kanisani. Maneno yale nikiyakumbuka leo natazama chini.

Mwezi ulipoanza kuyoyoma, nilitafuta njia ya kwetu. Kwetu mwenye haja hapeleki haja yake mwenyewe. Anatumwa mtu, na huyo mtu hataji jina mpaka aone yule anayeambiwa amelipokeaje neno. Nikamtuma Sikazwe. Aliandika vizuri, kwa heshima zote: yuko mama mmoja hapa mpakani, mzoefu, mwaminifu, anatafuta mahali. Kazi ya mjumbe safi kabisa, ingekuwa sebuleni kwa mtu.

Lakini hapa ni Tunduma. Huku kila lori lina madalali watatu, na kila dalali ana mama mmoja mzoefu au kijana mmoja mwaminifu wa kumuuza. Jibu lilikuja mchana, Sikazwe akalisoma amesimama kama mchungaji:

"'Asante ndugu. Ofisi yetu haipokei watu kupitia madalali. Mhusika aandike mwenyewe.'" Akavua kofia. "Mimi dalali! Mama Huruma, leo umenipandisha cheo."

Sikucheka. Mhusika aandike mwenyewe. Maneno yale hayakuandikwa kwangu, lakini yalinipata.

Nilirudi nyumbani, nikakaa na simu. Ujumbe wa kwanza nilioandika ulikuwa wa kujisifu: miaka yangu, matajiri niliowaleta, mafunzo niliyohudhuria. Nikausoma nikamwona mtu mwingine, mtu wa kutisha. Nikaufuta. Wa pili ulikuwa kilio: mwanangu nisaidie, nakufa, Huruma atarudi nyumbani. Huo nao nikaufuta, maana ungemfunga mikono. Mtu akilia mbele yako huwezi kumwambia hapana, na mtu asiyeweza kukwambia hapana atakukimbia. Ndipo nikajiuliza: ningekuwa namwandikia Mulenga wa Ndola kwa niaba ya ofisi, ningeandikaje? Nikaandika hivi:

"Ambakisye mwanangu, habari za kazi. Ni Mama Huruma wa Tunduma. Ofisi yetu inafungwa mwisho wa mwezi. Nimesikia mnafungua ofisi hapa na mnatafuta mkuu wake. Naiomba kazi hiyo. Kama imeshapata mtu, niambie tu, tutabaki kuwa mtu na mamaye. Naweza kukupigia kesho mchana?"

Ni ujumbe wa dakika mbili. Ulinichukua jioni nzima, na sehemu kubwa ya jioni hiyo iliishia kwenye neno "naiomba." Niliweka "ningependa kufahamu." Nikaweka "kama itawezekana." Mwisho nikalirudisha lilivyokuwa, nikabonyeza, nikaitupa simu kitandani kama kaa la moto.

Hakungoja kesho. Alipiga palepale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nilikuwa nakusubiri."

"Unisubiri mimi? Mimi ndiye niliyekuwa nakusubiri wewe uniamkie."

"Ulipoomba tuunganishwe nilijua una neno. Niliandika shikamoo, nikaifuta. Niliona ni kama nakuuliza unataka nini. Wewe ndiye uliyenifundisha, mama, mkubwa haulizwi. Nikasema nimeshakubali ombi lake, ndiyo kiti nimempa, sasa nikae kimya, atasema."

Somo lilikuwa langu, alilitunza kama nilivyompa.

"Na nilikuwa nakuona kila siku," aliongeza.

"Unaniona wapi?"

"Mtandao ule unasema, mama. Ukitazama ukurasa wa mtu, mwenyewe anaambiwa. Kila asubuhi napata habari, Mama Huruma amekutazama. Nikawa najiuliza, mama anapita mlangoni kila siku na haingii, nimemkosea nini?"

Wanangu, nilikuwa peke yangu chumbani, na bado nilijifunika uso kwa khanga. Asubuhi zote zile! Nilidhani nachungulia dirishani, kumbe nilikuwa nasimama uani kwa mtu, mchana kweupe, naonekana mzima mzima, halafu nageuka naondoka. Na huyo niliyekuwa namtangaza ana kiburi alikuwa ameacha mlango wazi muda wote.

Nikaiondoa khanga usoni, nikauliza, "Na ile kazi?"

"Mkuu wa ofisi amesaini Ijumaa iliyopita, mama."

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimeutazama ukurasa wake, asubuhi, kama kawaida.

"Kuna nafasi nyingine," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini naona aibu hata kuitaja."

"Taja tu, mwanangu."

"Karani wa dirishani."

Ilikuwa kazi ileile niliyoanza nayo nikiwa msichana. Mkuu wa ofisi alikuwa binti wa umri wa Huruma. Nilikubali. Nilikaa dirishani hadi nilipostaafu, nikimwita yule binti bosi, naye akiniita mama, tukasikilizana. Huruma alimaliza chuo, sasa anafundisha Vwawa. Siwezi kusema nilipoteza. Lakini kila nilipopita mbele ya mlango wa ofisi ya mkuu nilijua kwa nini sikuwa ndani, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Ndiyo maana nawasumbua na simu zenu. Nikikuta umeandika "kuna kijana mmoja" wakati kijana ni wewe, nakurudishia. Nikikuta ombi limefichwa chini ya salamu, nakurudishia. Na wewe, Neema, uliyeniambia juzi kwamba yule dada wa Mbeya amekubali kuunganishwa nawe tangu mwezi uliopita na unasubiri aanze yeye, hukuniona nilivyokunja uso? Mwandikie leo. Mwambie wewe ni nani, mlikutana wapi, unaomba nini. Mwachie nafasi ya kukataa. Akikaa kimya, mkumbushe mara moja tu baada ya wiki, kwa mstari mmoja. Akiendelea kukaa kimya, mwache, mwandikie mwingine. Aibu utaisikia, sikudanganyi. Mimi bado naisikia. Ila mkono unaweza kuandika huku uso unaungua. Nimejaribu, unaweza.

Jana mlinikuta nimeshika simu, nikawaambia mkae kidogo, mkakaa sana. Niwaambie nilikuwa nafanya nini. Wiki iliyopita simu ililia asubuhi: Ambakisye ametazama ukurasa wako. Nikadhani ni bahati tu. Kesho yake tena. Siku iliyofuata tena, saa ileile. Nikampigia Sikazwe, anayejua habari za mpaka mzima, akaniambia kampuni ile imeuzwa na wakuu wa Dar wameambiwa waende nyumbani, Ambakisye akiwemo.

Mimi ni mkubwa wake. Yeye ndiye wa kuniamkia. Niliandika: "Ambakisye mwanangu, habari. Nimekuona mlangoni. Ingia. Kazi ya kukupa sina, lakini wenye malori wanaonikumbuka bado wapo, na kuwaandikia najua. Una neno gani?"

Nilimuuliza. Nilivunja somo langu mwenyewe.

Mlipoingia ninyi alikuwa ameshajibu "Shikamoo mama," na chini yake pakaonyesha kwamba anaandika. Pakafutika. Pakaonyesha tena anaandika, pakafutika tena. Hali ile naijua. Nikaongeza mstari mmoja, nikautuma kabla sijawakaribisha chai:

"Taja tu, mwanangu."